Kurudishia Uzuri Fanicha ya Zamani ya Vinia Bila Kuimaliza

Chukua karatasi sita za kuchapishia, zipange pamoja, zibane kwa vidole viwili, kisha zitazame ubavuni. Unene huo ndio, kwa makadirio, mbao yote nzuri uliyo nayo juu ya kabati nyingi za katikati ya karne ya 20. Karatasi moja ina milimita 0.1 hivi. Vinia za wakati ule nyingi ziko kati ya milimita 0.6 na 0.9, na za siku hizi hushuka hadi 0.5 na hata chini yake. Kadi ya benki ina milimita 0.76.

Vinia ni ganda jembamba la mbao ya thamani, kama mtiki, mahogani au mti wa jozi, lililobandikwa kwa gundi juu ya mbao ya kawaida, plaiwudi au chipbodi. Wengi wakigundua meza yao ni ya vinia huona wamepunjwa, na hilo huniuma, kwa sababu ni ufundi wa heshima na wa kale mno. Kwenye ukuta wa kaburi la Rekhmire huko Thebes, Misri, lenye miaka ipatayo 3,400, wamechorwa mafundi wakiifanya kazi hii na chungu chao cha gundi kando. Ganda jembamba lilimwezesha fundi kulichana gogo moja lenye mchoro mzuri akavika nalo kabati zima, milango ikalingana kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa.

Nimeanza na unene kwa sababu kila uamuzi utakaofuata unatokana nao. Mbao nzima ukiikosea unaweza kuipiga msasa tena, na chini yake utakuta mbao ileile. Vinia ikitoboka imetoboka. Basi kabla ya kila hatua jiulize: kazi hii nitaifanyaje nikiondoa kidogo iwezekanavyo?

Kagua kabla ya kugusa

Kwanza hakikisha ni vinia kweli. Tazama ukingo wa meza. Mbao nzima ikikatwa huonyesha vichwa vya nyuzi, vile vitundu na miduara unayoiona kwenye kisiki. Kama juu kuna nyuzi ndefu za mbao nzuri na ukingoni umekuta utepe uliobandikwa, au tabaka za plaiwudi, au chembechembe za chipbodi, hiyo ni vinia. Angalia pia isije ikawa karatasi au plastiki iliyochapwa picha ya mbao. Pitisha ukucha polepole: mbao halisi ina vitundu na mifereji midogo, na mchoro wake haujirudii kwa usawa kamili. Picha ya mbao haipigwi msasa hata kidogo. Hiyo huoshwa tu, au hupakwa rangi.

Kisha pima unene. Vuta droo uangalie ukingo wa juu wa uso wake, au fungua bawaba ya mlango utazame pale ilipochimbiwa. Umri wa fanicha hukusaidia kukisia. Zamani vinia ilichanwa kwa msumeno wa mkono, na mara nyingi ilifika milimita 2 au zaidi. Mwaka 1806 Marc Isambard Brunel alipewa hataza ya mashine ya kuchania vinia kwa msumeno, na baadaye zikaja mashine za kisu zilizoweza kuikata nyembamba kama tunavyoijua leo. Ukiona vinia nene isiyo sawasawa, huenda una kitu cha kale. Hapo usiguse vanishi yake kabla mtu anayejua thamani ya vitu vya kale hajaiona. Vanishi ya mwanzo ni sehemu ya thamani hiyo, na ikishatoka hairudi.

Ng'oa vishikio, vitasa na bawaba, uweke kila kimoja kwenye kijimfuko chake pamoja na skrubu zake, na uandike kilikotoka. Skrubu za zamani hazilingani hata zikionekana pacha.

Ioshe, halafu usubiri siku moja

Hatua hii watu huiruka, nami naiona kubwa kuliko zote. Kabati linalodaiwa kuwa limechakaa mara nyingi ni vanishi nzima iliyofunikwa na nta ya miaka, moshi wa jikoni na jasho la mikono. Chovya kitambaa cha fulana kuukuu kwenye tapentaini, ukamue, ufute kwa kufuata nyuzi za mbao. Kitambaa kitatoka na rangi ya kahawia. Kibadilishe, endelea mpaka kitoke safi. Baada ya hapo chukua maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa kikamuliwe hadi kiwe na unyevu tu, ufute tena na kukausha papo hapo. Usimwage maji. Chipbodi ikinywa maji huvimba, na ikivimba hairudi chini.

Ikikauka, paka nta kiasi sehemu ndogo uone. Kama mng'aro umekuja na unachokiona kimekupendeza, kazi yako imekwisha hapo, na vinia yako haijapungua hata chembe.

Alama nyeupe za mviringo zilizoachwa na vikombe pia hazidai kung'oa vanishi. Weupe ule ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, bado haujaifikia mbao. Kitambaa chenye spiriti kidogo sana, kikipitishwa haraka juu yake bila kusimama, mara nyingi huuondoa. Alama nyeusi ni habari nyingine, tutaifikia.

Ijue vanishi iliyopo

Kama bado unaona lazima uiondoe, ijaribu kwanza mahali palipojificha, kama nyuma ya mguu. Weka tone la spiriti kwa pamba, subiri nusu dakika, gusa. Ikinata au kulainika, ni shelaki, vanishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti. Isipobadilika, weka tone la thina ya laka. Ikilainika sasa, ni laka, vanishi inayokauka haraka iliyotumika sana katika fanicha za viwandani za karne ya 20. Kama vyote viwili havijaigusa, ni vanishi ya mafuta au poliurethani. Na kama mafuta uliyopaka yanazama moja kwa moja, haina tabaka juu, ni mbao iliyotiwa mafuta tu, kama fanicha nyingi za mtiki.

Jaribio hili la dakika mbili hukuepusha na taabu kubwa. Shelaki hutoka yote kwa spiriti na pamba laini ya chuma, bila dawa kali na bila msasa. Nimewaona watu wakiikwangua siku nzima ilhali ingeyeyuka kwa chupa moja.

Fanicha iliyopakwa rangi zamani inaweza kuwa na madini ya risasi ndani ya rangi hiyo. Ipime kwa vipimo vinavyouzwa kabla ya kufanya lolote, na kama ina risasi usiipige msasa mkavu wala kuichoma kwa joto, hasa nyumbani kwenye watoto.

Tengeneza vinia kabla ya kung'oa vanishi

Utaratibu huu una sababu. Ukingo uliobanduka ukikutana na skrepa, kile kibapa cha kukwangulia, utanyanyuliwa na kupasuka, na dawa ya kutolea vanishi itajipenyeza chini yake. Kwa hiyo gundi kwanza.

Pitia uso wote ukigonga taratibu kwa ukucha. Mahali paliposhikana hutoa sauti nzito na fupi. Palipoachana hulia kama boksi tupu. Zungushia kila sehemu kama hiyo alama ya chaki.

Kama fanicha ni ya zamani, huenda ilibandikwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ina tabia nzuri ajabu: ikipata joto la nyuzi 60 hivi na unyevu kidogo hulainika na kushika upya. Ijue kwa kuweka tone la maji moto kwenye gundi iliyo wazi, ikianza kunata ndiyo yenyewe. Tandika karatasi ya kaki juu ya sehemu iliyoinuka, pitisha pasi yenye joto la wastani isiyo na mvuke kwa sekunde chache, inua, gusa, rudia. Mara ukisikia vinia imelala, weka ubao bapa na uzito juu yake mpaka ipoe kabisa. Vanishi ya juu inaweza kubabuka, lakini si tatizo kama unakwenda kuing'oa.

Gundi isipoamka, au kama ni ya kisasa, itabidi utie mpya. Kwa sehemu iliyovimba katikati ya uso, chana kwa wembe mpya kufuata nyuzi, kamwe usikate kukatiza. Mchano unaofuata nyuzi hupotea machoni, unaokatiza utaonekana daima. Bonyeza upande mmoja, ingiza gundi ya mbao kwa bomba la sindano, kisha upande wa pili. Kanda kwa kidole kutoka pembeni kuelekea kwenye mchano ili gundi ya ziada itoke, ifute kwa kitambaa chenye unyevu, funika kwa karatasi ya nailoni, weka ubao na uzito, uache saa 24. Nailoni ndiyo itakayozuia ubao wako usigeuke kuwa sehemu ya meza.

Ukingoni kazi ni rahisi zaidi: toa uchafu na gundi kuukuu kwa ncha ya kisu chembamba, sukuma gundi mpya kwa kipande cha karatasi ngumu, bana. Usiuinue ukingo kuliko unavyotaka kwenda wenyewe. Vinia kavu huvunjika kama mkate mkavu.

Palipokosekana kipande, bandika kiraka. Tafuta vinia ya mti uleule yenye nyuzi za namna ileile. Ukikosa, angalia sehemu isiyoonekana ya fanicha hiyohiyo, kama ukingo wa nyuma wa rafu. Kiraka cha mraba kitajitangaza kwa sababu macho hunasa mstari unaokatiza nyuzi. Kikate umbo la mtumbwi au almasi ndefu, ncha zake zikifuata nyuzi. Kilaze juu ya jeraha, kishike imara, na kisu kikate vyote viwili kwa pamoja, kiraka na vinia ya chini. Vitaingiliana bila mwanya. Kiraka kikiwa kinene kidogo kuliko jirani yake ni bora kuliko kikiwa chembamba, maana kukishusha unaweza na kukipandisha huwezi.

Kuondoa vanishi

Kwa laka, vanishi ya mafuta au poliurethani utahitaji dawa ya kutolea rangi. Soma kopo. Dawa zenye dikloromethani zina nguvu, lakini mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi vyumbani. Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019. Tumia zile zisizo nayo hata kama zinachelewa, fanya kazi nje au mahali pa wazi, vaa glavu zisizopenyeka kemikali na miwani. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke, usiitegemee kwa hilo.

Paka tabaka nene kwa upande mmoja bila kurudiarudia brashi, funika kwa nailoni isikauke, uiache ifanye kazi yake. Vanishi ikikunjamana, isukume kwa skrepa ya plastiki, au ya chuma iliyosuguliwa pembe zake zikawa mviringo. Shika skrepa ikiwa imelala, fuata nyuzi. Ukiona inabidi utumie nguvu, dawa haijamaliza, paka tena. Mabaki yaliyo kwenye michongo na mifereji yatoke kwa mswaki wa zamani na kijiti. Malizia kwa kufuta kwa kile kopo linachoelekeza, mara nyingi tapentaini. Kama limesema maji, tumia kitambaa chenye unyevu tu.

Soda kali iweke mbali. Inayeyusha gundi, inakausha mbao na kuifanya nyeusi. Na mashine ya kupuliza joto, nzuri kwa dirisha la mbao nzima, itaibandua vinia yako mbele ya macho yako.

Acha ikauke usiku mzima angalau.

Msasa

Hapa ndipo vinia nyingi hufia. Miaka ya nyuma nilikuwa na kabati dogo la mti wa jozi, nimeshaling'oa vanishi vizuri, limebaki doa dogo karibu na kona. Nikachukua mashine ya msasa, nikaiweka pale kwa muda ambao siwezi kuuita hata dakika. Mbao ilikuwa ya kahawia yenye moshi. Ghafla likatokea duara jeupe lenye mng'aro wa gundi, na katikati yake nyuzi zilizokwenda upande mwingine kabisa. Nilizima mashine nikasimama. Hakuna dawa ya kuirudisha vinia iliyogeuka vumbi. Nililipaka rangi doa lile na kabati bado ninalo, lakini kila nikipita macho yangu yanakwenda pale.

Kwa hiyo: usitumie mashine ya mkanda hata siku moja. Ya kutetemeka itumie kama una uzoefu tu na vinia ni nene. Mkono unatosha. Kunja msasa kwenye kipande bapa cha koki, ile ya kutengenezea vizibo vya chupa, au mbao yenye sponji ngumu, maana vidole vitupu huchimba mabonde. Anza na namba 180, si chini ya hapo labda kama kuna makovu ya lazima, malizia na 220. Fuata nyuzi. Idadi ya mapito iwe sawa kila mahali, na usining'inize kibao nje ya ukingo, kwa sababu kikiinama pembeni hukata mara mbili. Ukingo na kona ziguse mara mbili tatu tu, na namba 220.

Chora mistari hafifu ya penseli juu ya uso kabla ya kuanza. Ikishafutika yote, acha. Kama rangi ya mbao inaanza kubadilika ghafla, au unaona nyuzi za kukatiza zikijitokeza kama kivuli, acha hapohapo hata kama doa bado lipo. Doa lililobaki watu husema ni umri wa fanicha. Tundu hakuna anayelisemea hivyo.

Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa vumbi hili barakoa nzuri inafaa, na uivae.

Sasa futa uso wote kwa tapentaini, uutazame ukiwa umelowa, taa ikiwa chini pembeni. Mbao itakuonyesha rangi itakayokuwa nayo baada ya vanishi, na itakutolea siri zote: mikwaruzo ya kukatiza, na mabaka ya gundi yatakayokaa meupe kwa sababu hayanywi kitu. Afadhali uyaone leo.

Madoa meusi na rangi

Alama nyeusi kwenye mwaloni, jozi au mahogani mara nyingi ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao, kwenye maji, kama mguu wa chungu cha maua. Msasa hauimalizi kwa sababu imezama ndani. Asidi oksaliki ndiyo dawa yake. Iyeyushe kwenye maji ya moto kama kopo linavyoelekeza, paka uso wote wa meza, usipake doa peke yake, la sivyo utaondoa doa jeusi ubaki na doa jeupe. Ikishafifia futa mara kadhaa kwa kitambaa chenye maji safi. Asidi hiyo ni sumu, na vumbi lake huchoma pua na koo, hivyo isafishe kabisa kabla ya kugusa msasa tena. Klorini ya kufulia haisaidii kwa doa la chuma.

Rangi ya kupenya mbao mimi huiepuka kwenye vinia nzuri. Ikiwa lazima, ijaribu nyuma kwanza. Palipotoboka, tia tabaka jembamba la shelaki, chora nyuzi kwa brashi nyembamba na rangi za wasanii ukiiga jirani, kisha funga kwa shelaki nyingine. Chora michirizi mingi hafifu ya rangi mbili tatu. Baka la rangi moja halifanani na mbao yoyote.

Umaliziaji

Kabati la vitabu au fremu ya kioo, isiyomwagikiwa kitu, naipa shelaki: gramu 120 za magamba yake kwa lita moja ya spiriti, tabaka nyingi nyembamba kwa kitambaa. Hukauka kwa dakika, na uzuri wake hauna mpinzani. Lakini kikombe cha chai moto au tone la pombe vitaiachia alama.

Meza ya kulia naipa vanishi ya kufuta. Changanya vanishi ya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu, chovya kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi, paka kwa kufuata nyuzi, nyembamba kiasi kwamba unahisi hujapaka kitu. Acha ikauke usiku kucha. Pitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi sana, futa vumbi, rudia. Tabaka la kwanza litakukatisha tamaa kwa mabaka yake. La tatu litaanza kukupendeza. Nne au tano zinatosha. Mtiki na palisanda, ambayo ni ya ukoo mmoja na mpingo, zina mafuta ya asili yanayozuia vanishi kukauka: zifute kwa asetoni kwanza, tia tabaka moja la shelaki isiyo na nta, kisha vanishi.

Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo ya takataka. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulibana hadi kikawaka chenyewe bila kiberiti, pengine saa kadhaa baada ya wewe kwenda kulala. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka vikauke vikawa vigumu, au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

Vanishi iliyo kavu ukiigusa bado ni laini ndani. Usiweke kitambaa cha meza, taa wala chombo cha moto kwa wiki nne hivi. Vishikio unaweza kuvirudisha baada ya siku tatu: toa vijimfuko vyako, geuza skrubu kinyume kwanza mpaka uisikie ikidondoka kwenye njia yake ya zamani, kisha ikaze kwa mkono, taratibu.